UZI: Virusi vya baharini vinavyoamua kaboni ibaki juu au izame kilindini

Nanga ya Kina (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa mabadiliko ya tabianchi mwenzetu mmoja aliandika kwamba bahari "inameza hewa ukaa", akafunga mjadala hapo. Hakukosea, ila aliwaruka wafanyakazi wote. Nikamwahidi nitafungua uzi, na ndio huu. Nitashusha kwa vipande, na maswali ruksa wakati wowote.

Twende taratibu.

Sehemu ya hewa ukaa inayeyuka yenyewe majini, hasa kwenye maji ya baridi. Hiyo ni kemia, tuiache. Sehemu nyingine inavutwa na viumbe wanaofanya usanisinuru: mwani wa seli moja na sianobakteria wanaoelea juu, kule mwanga unakofika. Kila mwaka viumbe hawa wanageuza kaboni tani bilioni 50 hivi kuwa miili yao. Hiyo ni karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Misitu, mbuga na mashamba yote ya nchi kavu yanagawana nusu iliyobaki.

Sasa mti unaweza kusimama na kaboni yake miaka 100. Seli ya baharini inaishi siku chache. Kwa hiyo ukitaka kujua kaboni ya bahari inakwenda wapi, uliza seli imekufaje.

Ikiliwa, kaboni inapanda kwenye mnyororo wa chakula, na kinyesi cha mlaji kinazama. Ikizama nzima nzima, kaboni inashuka nayo. Ikipasuliwa na virusi, vyote vilivyokuwa ndani vinamwagika majini. Njia hii ya tatu vitabu vya shule nilivyosoma mimi havikuigusa hata kwa mstari mmoja, na ndiyo iliyonileta hapa.

Chukua mililita 1 ya maji ya juu ya bahari, maji ya samawati ambayo ukiyatazama kwenye chupa huoni hata punje. Humo mna bakteria kama milioni 1 na virusi kama milioni 10. Ukijumlisha bahari yote, makadirio ni virusi 1 ikifuatiwa na sifuri 30. Kila kimoja ni kidogo mno, wastani wa nanomita 100 au pungufu, lakini ukivipanga vyote mstari mmoja utapata urefu wa miaka ya nuru milioni 10. Kundi letu la nyota, Njia ya Maziwa, lina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi, kwa hiyo mstari huo ungelivuka mara 100. Kwa uzito, kaboni iliyomo ndani ya virusi hivyo ni tani milioni 200 hivi.

Na kila sekunde inayopita, kwa makadirio ya Curtis Suttle, mtafiti wa Kanada aliyeyafanya mambo haya kuwa kazi ya maisha yake, maambukizi mapya baharini ni 1 ikifuatiwa na sifuri 23.

Kipande cha pili kinakuja. Nitaeleza kwa nini tulichelewa kuyajua haya.

---

BintiMawimbi

Nimeshaweka kambi hapa. Swali la haraka kabla hujaendelea mkuu: tunaogelea humo na maji tunayameza. Virusi milioni 10 kwa mililita havitudhuru?

---

Nanga ya Kina

Dada BintiMawimbi, sehemu kubwa mno ya virusi hivyo ni bakteriofaji, yaani virusi vya bakteria. Kirusi hakiingii kwenye seli kwa nguvu zake. Kinahitaji molekuli maalumu kwenye ngozi ya seli, kama ufunguo unavyohitaji kitasa chake. Kinachofungua seli ya Prochlorococcus, sianobakteria mmoja mdogo wa baharini, hakina pa kushika kwenye seli ya binadamu. Tena wengi wao wanachagua hata ndani ya jamii moja: bakteria wawili wanaofanana kwa kila hali, mmoja anashikwa, mwenziwe anapitwa.

Maji yaliyochafuliwa na majitaka ni habari nyingine, hayo yanaweza kuwa na virusi vya magonjwa ya watu. Mimi naongelea wakazi wa asili wa bahari.

---

Nanga ya Kina

KIPANDE CHA PILI: kuhesabu

Kwa miaka mingi wanabiolojia wa bahari walijua virusi vimo majini, ila waliamini ni vichache. Sababu ilikuwa njia ya kuhesabu. Ulikuwa unaotesha bakteria kwenye kisahani cha maabara, unadondoshea maji ya bahari juu yake, kisha unahesabu matobo yanayojitokeza pale bakteria walipouawa. Tatizo ni kwamba bakteria wengi wa baharini hawakubali kabisa kuota kwenye kisahani. Kama mwenyeji haoti, kirusi chake utakionea wapi?

Mwaka 1989 kikundi cha Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, kikiongozwa na Øivind Bergh, kiliachana na visahani. Walizungusha maji kwa kasi kubwa hadi virusi vikakaa moja kwa moja kwenye kitako cha hadubini ya elektroni, wakaanza kuhesabu. Walikuta hadi virusi milioni 250 kwa mililita. Kulinganisha na hesabu za zamani, hiyo ni zaidi ya maelfu, na kwingine hadi mamilioni ya mara. Sijui kama mnalipata uzito wake: kundi kubwa kuliko yote ya vitu vyenye vinasaba baharini lilikuwa pale siku zote, na lilionekana siku mtu alipobadili chombo cha kuhesabia.

Mwaka uliofuata, 1990, zikatoka kazi mbili nzito. Lita Proctor na Jed Fuhrman walikata bakteria wa baharini vipande vyembamba na kuonyesha virusi vilivyokomaa vikiwa vimejazana tumboni mwao. Suttle na wenzake wakachuja maji ya bahari, wakakusanya chembechembe za ukubwa wa virusi, wakazirudisha kwa wingi kwenye maji yenye mwani. Usanisinuru ukapungua kwa kiasi cha hadi asilimia 78.

Siku hizi kuhesabu ni rahisi zaidi, na niruhusuni niwapeleke maabara, maana kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu. Unachuja mililita chache za maji kupitia kichujio chenye matundu ya mikromita 0.02. Kichujio hicho ni duara jeupe la alumina, jembamba, linavunjika kama ganda la yai ukilibana vibaya kwa koleo, na ukilivunja sampuli imekwenda. Unaliweka juu ya tone la rangi inayoshika vinasaba, gizani, dakika kama 15. Halafu unaliweka chini ya hadubini yenye mwanga wa bluu. Bakteria wanatokea kama vidonge vya kijani vilivyovimba. Katikati yao kuna vidoti vidogo sana, vya kijani pia, vimejaa kila mahali. Hivyo vidoti ni virusi. Unahesabu mraba mmoja mmoja, na unahesabu haraka, kwa sababu rangi inafifia kadiri mwanga unavyoipiga. Siku ya kwanza nilihesabu hadi macho yakatoka machozi, na bado nilikuwa kwenye mraba wa sita. Maji yale nilikuwa nimeyaona asubuhi kwenye chupa, angavu kabisa.

---

Mchimba Takwimu

Mkuu elimu nzuri, lakini hesabu zako zinanipa shida. Nimewahi kusoma kwamba virusi vinaua asilimia 20 ya vijiumbe vya baharini kila siku. Ndani ya wiki 1 si bahari ingekuwa imebaki tupu?

---

Nanga ya Kina

Mkuu Mchimba Takwimu, asilimia 20 kwa siku ni makadirio yanayotumika sana, na kwa bakteria peke yao wengine wanafika 40. Na bahari haibaki tupu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, bakteria wanazaliana. Kwenye maji ya juu jamii nyingi zinajigawa mara moja kila siku moja au chache. Ni kama pipa lenye bomba juu na tobo chini. Usawa wa maji haubadiliki, lakini maji yenyewe hayasimami. Ukipima idadi leo na kesho utaona bakteria milioni 1 palepale, ukadhani hakuna kinachotokea. Kumbe sehemu kubwa ya wale wa jana wameshakufa.

Ya pili ni tamu zaidi. Kirusi hakimtafuti mtu, kinaelea tu hadi kigongane na mwenyeji anayekifaa. Jamii ya bakteria ikiwa chache, migongano ni michache. Ikianza kutamba na kujaza maji, migongano inaongezeka, mlipuko wa maambukizi unaishukia, inapungua. Nafasi iliyoachwa wanaichukua wengine. Frede Thingstad, naye wa Bergen, aliliweka jambo hili kwenye hesabu, na likajulikana kwa jina la "kumuua mshindi". Ndiyo maana tone moja la maji linabeba aina nyingi sana za bakteria wanaogombea chakula kilekile, wakati kwa hesabu ya ushindani mtupu wale hodari wachache wangewamaliza wengine wote.

Mshindi naye hakai kimya. Anabadilika, ngozi yake inapoteza ile molekuli inayoshikwa na kirusi. Mara nyingi anailipia: molekuli hiyohiyo ilikuwa mlango wa kuingizia chakula, sasa anakua polepole. Kirusi nacho kinabadilika kumfuata.

---

Mwalimu Seli

Naomba niongeze kwenye hoja ya bakteria wa baharini, nafundisha bayolojia na jambo hili nalipenda. Kwa muda mrefu watu waliamini SAR11, bakteria walio wengi kuliko wote baharini, wanatawala kwa sababu virusi haviwawezi. Mwaka 2013 vikapatikana virusi vyao, na vikaonekana ni miongoni mwa virusi vilivyo vingi kabisa baharini. Hoja ya kwamba wana kinga ya ajabu ikaanguka.

Mleta uzi, tafadhali usisahau jeni za usanisinuru. Hapo ndipo wanafunzi wangu wanapoacha kusinzia.

---

Nanga ya Kina

Mwalimu, shikamoo, na asante. Nilikuwa naelekea hukohuko.

KIPANDE CHA TATU: ndani ya seli moja

Prochlorococcus ni sianobakteria mwenye upana wa mikromita 0.6 hivi. Sallie Chisholm na wenzake walimtangaza mwaka 1988, na ndiye kiumbe wa usanisinuru aliye wengi kuliko wote duniani. Tumfuate mmoja.

Ni asubuhi, jua linapanda. Kirusi kinamgusa, kinashika, kinasukuma vinasaba vyake ndani. Ganda tupu linabaki nje. Ndani ya muda mfupi mitambo ya seli inaanza kusoma maagizo ya mgeni. Vinasaba vya mwenyeji vinakatwakatwa, maana ndiyo malighafi ya kutengenezea vinasaba vya virusi vipya.

Hapa kirusi kina tatizo. Kazi ya kujenga virusi vipya inakula nishati kwa saa kadhaa, na nishati ya seli hii inatoka kwenye mwanga. Mtambo unaopokea mwanga una protini moja, D1, ambayo mwanga wenyewe unaiunguza mfululizo. Seli yenye afya inaitengeneza upya bila kupumzika. Lakini seli hii imeshatekwa, jeni zake zimezimwa. D1 ikiisha, taa zinazimika kabla kazi haijakamilika.

Kirusi kinakuja na jeni yake chenyewe ya D1.

Narudia, kwa sababu mimi mwenyewe nilisoma mara mbili: kirusi, kitu kisichokula, kisichopumua, kinabeba jeni ya usanisinuru. Mwaka 2003 kikundi cha Uingereza kilitangaza jeni hizo ndani ya kirusi cha Synechococcus, ndugu yake Prochlorococcus. Baadaye Debbie Lindell na wenzake wakaonyesha kwamba jeni hizo zinafanya kazi kweli wakati wa maambukizi. Ziliibwa kutoka kwa sianobakteria zamani, zikabaki kwa sababu zinalipa.

Sasa sikilizeni linalohusu kaboni. Seli yenye afya inatumia nishati ya mwanga kuvuta hewa ukaa na kuijenga kuwa sukari. Seli iliyotekwa inaendelea kuvuna mwanga, lakini kile kitengo cha kuvuta hewa ukaa kinazimwa. Nishati yote inaelekezwa kwenye kutengeneza malighafi ya vinasaba. Ukiitazama kwa nje, ukipima mwanga inaovuna, utasema ni seli nzima. Kwenye hesabu ya kaboni imeshatoka kazini saa kadhaa kabla ya kufa.

Kisha inapasuka. Bakteria wa baharini kwa kawaida anatoa virusi vipya kama 20 hadi 50 kwa mpasuko mmoja. Pamoja navyo vinamwagika protini, mafuta, sukari, vipande vya ngozi, fosforasi, nitrojeni na chuma.

---

BintiMawimbi

Hapo kwa D1 nimesoma mara tatu. Kwa hiyo sasa seli imepasuka, vitu vimemwagika. Vinaenda wapi?

---

Nanga ya Kina

KIPANDE CHA NNE: mchepuko

Vingi vinaliwa na bakteria wengine palepale, ndani ya saa au siku. Vitu vilivyoyeyuka haviwezi kuliwa na zuplanktoni (wanyama wadogo wanaoelea majini) wala samaki, ni bakteria ndio wenye uwezo wa kuvifyonza. Wanavifyonza, wanavipumua, na kaboni kubwa inarudi kuwa hewa ukaa hukohuko juu. Kaboni iliyokuwa ipande kwenda kwa walaji wakubwa inachepushwa na kurudishwa chini ya mnyororo. Steven Wilhelm na Suttle waliuita mchepuko wa virusi mwaka 1999, na wakakadiria kwamba kati ya asilimia 6 na 26 ya kaboni yote iliyovunwa kwa usanisinuru inapita njia hii.

Ukiishia hapo utasema virusi ni hasara: samaki wanapungukiwa, kaboni haizami. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo. Sehemu kubwa ya bahari ya wazi ni jangwa la lishe. Nitrojeni, fosforasi na chuma ni adimu mno, na vikifungwa ndani ya miili inayozama vinapotea gizani kwa miaka mingi. Mpasuko unavirudisha penye mwanga, vikiwa kwenye umbo ambalo seli nyingine inaweza kulitumia. Chuma chenyewe kinatoka kikiwa kimeshikwa na molekuli za viumbe, na hivyo mwani unakipata kwa urahisi. Toa virusi vyote leo, na mwani wa bahari ya wazi utapungukiwa mbolea.

---

Fundi Pampu

Mimi fani yangu ni mitambo, si bayolojia, ila nafuatilia. Kama mchepuko unarudisha kaboni juu, mbona kichwa cha uzi kinasema "au izame"? Virusi vinazamishaje kitu kilichoyeyuka?

---

Nanga ya Kina

Fundi, umegusa penye ubishi wenyewe.

Si kila kinachomwagika kinayeyuka. Ndani ya seli mna vitu vya kunata, sukari ndefu zinazogeuka kuwa ute. Mwani fulani ukiambukizwa unaanza kutoa ute huo hata kabla haujapasuka. Ute unakusanya vipande vya seli, seli zilizokufa, kinyesi cha wanyama wadogo, vumbi. Donge linakua, linakuwa zito, linaanza kushuka. Mabaharia wa nyambizi za utafiti wanaona madonge haya yakinyesha kilindini, ndiyo "theluji ya bahari". Kazi ya virusi ya kugandisha na kushusha naiita mteremsho, kuitofautisha na mchepuko.

Mfano ulio wazi ni Emiliania huxleyi, mwani wa seli moja unaojivika visahani vya chokaa. Ukistawi unajaza bahari hadi satelaiti inaona maji yamegeuka rangi ya feruzi yenye maziwa, eneo la maelfu ya kilomita za mraba. Halafu virusi vyake vinaingia. Hivi ni vikubwa, vina jeni zaidi ya 400, zikiwemo za kutengeneza mafuta maalumu yanayoiamrisha seli ijiue. Ndani ya siku kadhaa stawi lote linaanguka. Chokaa ni jiwe. Ikinaswa kwenye ute, donge linapata uzito wa kulishusha haraka. Uchunguzi uliofanyika Atlantiki ya Kaskazini na kuchapishwa 2018 ulikuta madonge mengi zaidi na kaboni zaidi ikishuka pale ambapo stawi lilikuwa katika hatua za mwanzo za maambukizi.

Kuna ushahidi mpana pia. Jahazi la utafiti Tara lilizunguka bahari za dunia kati ya 2009 na 2013 likichota maji. Mwaka 2016 Lionel Guidi na wenzake walichapisha uchambuzi wa sampuli hizo: walitafuta ni viumbe gani vinaendana na kaboni inayozama kwenye bahari zenye lishe haba. Miongoni mwa waliojitokeza mbele ni Synechococcus na virusi vyake. Jeni chache tu za bakteria na virusi zilitosha kutabiri sehemu kubwa ya tofauti za kaboni inayoshuka kati ya eneo na eneo. Kuendana si kusababisha, nalisema kabla hamjaniuliza. Lakini kama virusi vingekuwa kazi yao ni kurudisha kaboni juu tu, mtu angetarajia kinyume chake.

Kwa hiyo kirusi kinaweza kufanya yote mawili, na mara nyingine kwenye stawi lilelile. Nani amekufa, ana chokaa au hana, ana ute kiasi gani, maji yametulia au yanachafuka: hayo ndiyo yanayoamua.

---

Mchimba Takwimu

Basi nitoe wazo. Kama mteremsho unashusha kaboni, kwa nini tusioteshe virusi vya E. huxleyi kwa wingi tukavimwaga kwenye mastawi? Tunaua mwani, kaboni inazama, joto la dunia linapungua.

---

Nanga ya Kina

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapana, na nitalipinga kwa nguvu.

Kwanza, unaua mtambo wenyewe unaovuta hewa ukaa. Pili, E. huxleyi anapojenga chokaa anaachia hewa ukaa majini, kwa hiyo hesabu ya stawi si faida tupu tangu mwanzo. Tatu, huna namna ya kuamuru mteremsho usigeuke mchepuko. Ukikosea kidogo, umepasua mamilioni ya tani za mwani na bakteria wameipumua yote kuwa hewa ukaa juujuu. Nne, mwani wenyewe una njia ya kukukimbia. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba E. huxleyi akishambuliwa, baadhi ya seli zinageuka kuwa na nusu ya kromosomu, zinavua chokaa, zinaota mikia, na kirusi hakizitambui tena. Hawa waliobaki ndio mbegu ya kesho.

Na virusi vyenyewe havidumu. Jua kali linavivunja: vilivyo juu kabisa vinapoteza uwezo wa kuambukiza ndani ya saa chache.

---

Mwalimu Seli

Naunga mkono. Ningeongeza mambo mawili ambayo mleta uzi hajayafikia.

La kwanza, kilindini. Roberto Danovaro na wenzake walipima mashapo ya sakafu ya bahari sehemu nyingi za dunia, wakachapisha 2008. Virusi vilikuwa vinamaliza asilimia 80 ya uzalishaji wa bakteria wa mashapo hayo, na chini ya mita 1,000 karibu wote. Kaboni inayoachiwa hivyo walikadiria ni tani bilioni 0.37 hadi 0.63 kwa mwaka. Kule hakuna jua, chakula ni yale makombo yanayonyesha kutoka juu, na virusi vinahakikisha makombo hayo yanazungushwa tena na tena kati ya bakteria na bakteria.

La pili, si kila kirusi kinaua papo hapo. Vingine vinajiunga na vinasaba vya mwenyeji na kulala. Seli ikijigawa, kirusi kinanakiliwa nayo kama sehemu yake. Kikishtuliwa, tuseme na mwanga mkali wa urujuanimno, kinaamka na kuua. Kwa hiyo ukihesabu vidoti vya kijani tu kwenye kichujio, kuna jeshi zima ambalo hujalihesabu.

---

Fundi Pampu

Mwalimu na mleta uzi, asanteni. Swali langu la mwisho. Mmesema kaboni iliyoyeyuka inaliwa "nyingi". Na isiyoliwa je? Mimi kwenye mitambo masalia ndiyo yanayonisumbua siku zote.

---

Nanga ya Kina

Fundi, swali hilo limezaa tawi zima la utafiti.

Bahari ina kaboni ya viumbe iliyoyeyuka kiasi cha tani bilioni 660 hivi. Linganisha na hewa ukaa yote iliyo angani, ambayo kaboni yake iko kwenye tani bilioni mia tisa hivi. Ni hazina ya ukubwa unaokaribiana. Sehemu kubwa ya hazina hii haigusiki: bakteria wanaipita kama haipo. Vipimo vya kaboni ya mionzi kwenye maji ya kina kirefu vinaipa umri wa wastani wa miaka 4,000 hadi 6,000.

Imetokana na nini? Nianzhi Jiao wa China na wenzake walipendekeza mwaka 2010 kwamba bakteria wenyewe ndio wanaoitengeneza. Wanakula kilicho laini, wanaacha kigumu, wengine wanakila hicho, wanaacha kigumu zaidi, hadi kinabaki kitu ambacho hakina mlaji. Waliiita pampu ya kaboni ya vijiumbe. Haihitaji kitu kuzama, kaboni inafungwa ikiwa imeyeyuka. Na virusi vinahusika, kwa sababu kila mpasuko unawapa bakteria chakula cha kuanzia mzunguko mwingine, na vipande vya ngozi za bakteria vinavyoachwa ni miongoni mwa vitu vigumu kuliwa.

Kwa hiyo hata ndani ya mchepuko, ambao nimesema unarudisha kaboni juu, kuna vijikombo vinavyoanguka pembeni na kukaa miaka elfu kadhaa. Vidogo kwa siku. Lakini maambukizi hayasimami hata sekunde.

---

BintiMawimbi

Mkuu, mimi nina wadogo zangu wanasoma sekondari na wanaupenda huu uzi. Kuna namna yoyote mtu anaweza kuliona jambo hili kwa macho, bila hadubini ya gharama?

---

Nanga ya Kina

Ipo, ila mpaka mwalimu au mtafiti awe na mbegu za mwani na virusi vyake. Niliwahi kuiandaa kwa wageni waliotembelea maabara, na nitaieleza ili wakibahatika wajue watazame nini.

Chupa 2 za kioo zenye Emiliania huxleyi zinakaa dirishani. Maji yamejaa mwani, yana ukungu wa rangi ya kahawia iliyopauka, ukiweka maandishi nyuma ya chupa huwezi kuyasoma. Chupa moja unaiacha. Ya pili unaitia matone machache ya maji yenye virusi, maji ambayo kwa macho ni maji tu. Siku ya kwanza hakuna tofauti. Siku ya pili wageni wanadhani umewadanganya. Halafu rangi inaanza kuchuja, na baada ya siku chache maandishi yale unayasoma kupitia chupa, herufi kwa herufi. Chupa ya jirani yake bado ina ukungu.

Sasa waambie wadogo zako wasiitikise, wainame watazame kitako. Kuna utando mweupe mwembamba kama unga umekaa chini: ndiyo chokaa na vipande vilivyoshikana. Kilichozama ndicho hicho. Vingine vyote viko kwenye yale maji angavu yaliyo juu yake.